Mpaka unahama, atomi zinabaki: kisa cha waya wa globu usiolegea

Mwaka 1938 kampuni ya General Electric ilisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutetea hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) namba 1,410,499, ikashindwa. Aliyeshtakiwa ni kampuni ya Wabash Appliance, na kilichogombaniwa ni waya wa tungsteni, ule uzi unaowaka ndani ya globu. Hataza ilidai haki juu ya waya uliojengwa kwa punje za fuwele zilizo kubwa kiasi, zenye ukubwa na umbo la kuuzuia waya usilegee, wala vipande vyake visiteleze kando, kwa maisha yote ya kawaida ya globu. Swali la majaji likawa: ukubwa gani, na umbo lipi? Hati ilikuwa kimya. Iliueleza waya kwa kazi unayoifanya, si kwa jinsi ulivyo. Jaji Stanley Reed aliandika hukumu, na dai likatupwa kwa sababu hakuna mtu ambaye angelisoma akajua linaanzia wapi na kuishia wapi.

Kisheria sioni pa kuwalaumu. Anayedai kumiliki kitu aseme ni kipi. Ila Aladar Pacz, mzaliwa wa Hungaria aliyeugundua waya huo mwaka 1917 akiwa General Electric huko Cleveland, asingeweza kusema zaidi hata angepigwa viboko. Kilichozipa punje zake umbo lile ni vitundu vya upana wa makumi ya nanomita (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), na hadubini ya mwanga haioni kitu kidogo hivyo. Alijua waya unafanya kazi. Sababu yake ilikuja kushikika mwanzoni mwa miaka ya 1970, hataza ikiwa imekwisha muda zamani na mwenyewe hana tena la kudai.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo vitabu vingi hulipita mbio: mpaka kati ya punje mbili unapohama, atomi zenyewe zinafanya nini? Ukilijibu vibaya, waya wa Pacz unabaki kuwa uchawi. Ukilijibu vizuri, unajieleza wenyewe.

Waya kabla ya dawa

Tungsteni huyeyuka kwa nyuzi 3,422 za Selsiasi, na hakuna metali nyingine inayoifikia. Kwa sababu hiyo Sándor Just na Franjo Hanaman waliikatia hataza ya nyuzi za taa nchini Hungaria mwaka 1904. Nyuzi zao ziliwaka vizuri, lakini zilivunjika kirahisi mno. William Coolidge, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, ndiye aliyepata namna ya kuifanya tungsteni ivutike, kazi iliyokamilika karibu na mwaka 1910. Unga wa tungsteni unashindiliwa uwe fimbo, fimbo inachomwa kwa joto kali lakini bila kuyeyuka, inafuliwa ikiwa moto, halafu inavutwa kupitia matundu ya almasi, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Waya unaotoka ni mwembamba ajabu. Kwenye globu ya wati 60 ya volti 120 unene wake ni karibu milimita 0.046, na ukiukunjua wote unafika kama sentimita 58.

Ndani ya waya huo kuna punje. Punje ni eneo ambalo atomi zote zimejipanga kwa mpangilio mmoja, zikielekea upande mmoja. Punje ya jirani ina mpangilio uleule ila umegeuzwa kidogo, au sana. Pale zinapokutana kuna ukanda wa atomi chache tu kwa unene, ambamo atomi haziwezi kuitii punje hii wala ile. Huo ndio mpaka. Atomi zilizomo hazikai kwa raha, na usumbufu huo una nishati yake: kwa tungsteni ni kama jouli 1 kwa kila mita ya mraba ya mpaka. Waya uliovutwa una punje ndefu nyembamba zilizosongamana, kwa hiyo una mipaka mingi sana, na ukipata joto la kutosha utatafuta namna ya kuipunguza.

Joto la kutosha waya unalipata mara tu mtu anapobonyeza swichi. Waya wa globu hufanya kazi karibu na nyuzi 2,500. Ukihesabu kwa kelvini, hiyo ni robo tatu ya joto lake la kuyeyukia. Katika joto hilo waya wa tungsteni tupu hujipanga upya: punje mpya huzaliwa, zile kubwa huzimeza ndogo, na mwisho punje moja inajaza upana wote wa waya. Mipaka inayobaki inakata waya moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama vifundo vya mwanzi, na wahandisi wenyewe huuita muundo wa mwanzi.

Hapo ndipo balaa linapoanzia. Mpaka unaokata waya wima ni mahali pa kuteleza. Pingili moja inasogea kando kidogo juu ya nyingine, waya unapungua upana pale, pale panapata moto zaidi ya kwingine, na usiku mmoja panakatika. Mwaka 1913 Irving Langmuir, wa maabara ileile ya Schenectady, aliongeza ugumu mwingine bila kukusudia. Alijaza gesi ndani ya globu ili tungsteni isivukizwe haraka, na kwa kuwa gesi hunyonya joto, waya ukabidi usokotwe kuwa springi ili upoteze kidogo. Springi ni nzuri mradi ikae kama ilivyosokotwa. Ikilegea, mizunguko inaachana hapa na kugusana pale, na hesabu yote ya joto inavurugika.

Dawa ya kwanza ilikuwa oksidi ya thoriamu. Ukiichanganya kidogo kwenye tungsteni, punje hubaki ndogo, na waya wenye punje ndogo hauna mipaka mirefu ya kukata upana mzima. Kuteleza kando kukapungua. Lakini waya wa punje ndogo una mipaka mingi, na kila mpaka ni njia ya atomi kusogea polepole chini ya uzito wa waya wenyewe. Matokeo yake springi ililegea zaidi. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa na chaguo mbili, na zote mbaya: punje kubwa zinazoteleza au punje ndogo zinazolegea. Pacz alipata njia ya tatu. Lakini kwanza twende kwenye atomi.

Hatua isiyofika hatua moja

Mtu akiambiwa kwamba mpaka umehama maikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, huwaza msafara wa atomi uliotembea maikromita 10. Picha hiyo si sahihi. Fikiria atomi moja ya tungsteni iliyoko kwenye ukingo wa punje A, ikipakana na mpaka. Ili ihamie punje B haihitaji kwenda popote pa maana. Inasogea sehemu tu ya umbali kati ya atomi mbili jirani, umbali ambao kwa tungsteni ni nanomita 0.27, hadi inaingia kwenye nafasi inayokubaliana na safu za punje B. Basi, imeshakuwa ya B. Mpaka umesonga, kwa sababu mpaka ni mahali tu ambapo mpangilio mmoja unaishia na mwingine unaanza. Baadaye mpaka unaiacha atomi hiyo nyuma, nayo inabaki palepale, takriban pale ilipokuwa tangu mwanzo. Mpaka unaweza kuvuka upana mzima wa waya bila atomi hata moja kusafiri upana huo.

Nani anausukuma? Mpaka uliopinda huelekea kwenye kitovu cha mpindo wake, maana huko eneo lake linapungua. Kwa punje yenye nusu-kipenyo cha maikromita 10, shinikizo linaloupeleka ni kama paskali 200,000, karibu mara mbili ya shinikizo la hewa tunayovuta. Likisambazwa kwa atomi mojamoja, hilo ni dogo mno. Kwa nyuzi 2,500, nishati ambayo atomi inaipata kwa kuhamia upande "sahihi" ni sehemu moja kati ya 12,000 hivi ya nishati ya mtikisiko wa joto unaoiyumbisha muda wote.

Wazo la hesabu hii linakwenda mbali hadi kwa watafiti wa metali Burke na Turnbull mwaka 1952, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Atomi za pembeni mwa mpaka hazijui kwamba punje A inatakiwa kumezwa. Zinaruka kwenda B, zinaruka kurudi A, huku na huku. Kati ya miruko kama 12,000 ya kwenda, 11,999 inafutwa na miruko ya kurudi, na mmoja tu unabaki kuwa faida. Kuhama kwa mpaka kunakoonekana kwenye hadubini ni mabaki ya hesabu hiyo, upendeleo mdogo sana ndani ya fujo kubwa sana. Ni kwa sababu fujo yenyewe ni ya kasi isiyosemeka kwa joto hilo ndiyo mabaki hayo yanatosha kubadilisha waya mzima kwa muda mfupi.

Burke na Turnbull waliichukulia kila atomi kama inaruka kivyake. Hesabu ilifaa, lakini picha ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Mwaka 2006 Hao Zhang, David Srolovitz na wenzao walifuatilia atomi katika mwigo wa kompyuta wa mipaka ya nikeli iliyokuwa ikihama, wakaona mienendo ya aina mbili. Kuna atomi zinazovuka mpaka mojamoja, na mwendo wake ni mfupi kuliko umbali wa jirani kwa jirani. Na kuna atomi kadhaa zinazosogea kwa mfuatano, moja ikishika nafasi iliyoachwa na nyingine, mlolongo mfupi ndani ya mpaka wenyewe. Mlolongo huo hauhamishi atomi kutoka A kwenda B. Kazi yake ni kupeleka nafasi tupu pale inapohitajika, maana mpaka umejaa sehemu zenye atomi zilizobanana na sehemu zilizolegea, na atomi haiwezi kuvuka pale ambapo hapajalegea. Mwaka 2009 kundi hilohilo lilionyesha kwamba mwendo huu wa mlolongo unafanana na ule wa vimiminika vilivyopozwa hadi kukaribia kuwa kioo. Mimi naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili: fuwele mbili nadhifu, na kati yake ukanda mwembamba wenye tabia za kimiminika kizito.

Kwenye mipaka iliyonyooka mambo yana nidhamu zaidi. Huko mpaka hausongi wote kwa mpigo. Kinatokea kidato, urefu wa safu moja au chache za atomi, nacho kinakimbia kufuata uso wa mpaka. Kila kinapopita, safu ya atomi inageuka kutoka mpangilio wa A kuwa wa B. Kikifika mwisho, mpaka umepanda ngazi moja, na kingine kinaanza. Vidato vingine vinabeba pia msukumo wa pembeni, kiasi kwamba mpaka ukihama punje nzima inasogea kidogo upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichapisha mwaka 2021 picha za jambo hili katika alumina (oksidi ya alumini), wakiusukuma mpaka kwa mwale wa elektroni wa hadubini ileile waliyokuwa wakiangalizia. Katika picha hizo mpaka unapita kwenye mipangilio ya muda, na atomi zinajirekebisha kwa pamoja, si kwa kurukaruka ovyo.

Nikeli si tungsteni, na alumina hata metali si. Lakini jambo la msingi linashika kote: mpaka huhama kwa atomi nyingi kujirekebisha palepale zilipo. (Zipo atomi zinazosafiri mbali kwa kufuata mpaka, kama mtu anayetembea ndani ya korido. Huo ni usambaaji wa kwenye mpaka, unahusika na kulegea kwa waya wa punje ndogo, lakini mpaka hauuhitaji ili uhame.)

Uchafu uliokuwa dawa

Kabla ya Pacz kulikuwa na dokezo ambalo halikueleweka. Oksidi ya tungsteni ilipochomwa ndani ya vyungu vya udongo vilivyotengenezwa Battersea, London, waya uliotokana nayo ulilegea kidogo kuliko uliotoka kwenye oksidi safi. Udongo ulikuwa unaachia alkali (misombo ya metali kama sodiamu na potasiamu), silika na alumina ndani ya oksidi. Kwa maneno mengine, waya mchafu ulishinda waya safi, na kwa mkemia wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuudhi.

Pacz aliuchukua uchafu huo akauingiza kwa makusudi, kwa kuongeza misombo ya alkali na silika kwenye oksidi kabla ya kuiondolea oksijeni kwa hidrojeni. General Electric iliuita waya wake 218. Huyu alikuwa na kipaji cha aina yake, maana mwaka 1921 alipewa hataza nyingine kwa kutumia sodiamu kidogo kuboresha aloi ya alumini na silikoni, jambo ambalo viwanda vya kumimina alumini wanalifanya hadi leo. Mara mbili, chembe ndogo ya alkali mahali ambapo haikutakiwa.

Baada ya muda dawa ya kawaida viwandani ilikuwa silikati ya potasiamu pamoja na chumvi ya alumini. Cha ajabu, ukiupima waya uliokamilika, alumini na silikoni karibu hazipo. Zimetoka wakati wa kuchoma fimbo. Kilichobaki ni potasiamu, kama sehemu 60 hadi 100 kwa kila milioni. Kwa nini yenyewe tu? Kwa sababu atomi ya potasiamu ni kubwa mno. Haiyeyuki ndani ya tungsteni, haiwezi kupenya kati ya safu zake, na iliyonaswa ndani ya vitundu vya fimbo haina mlango wa kutokea. Potasiamu huchemka kwa nyuzi 759 tu. Kwa nyuzi 2,500 ni gesi iliyofungiwa.

Fimbo inapofuliwa na kuvutwa, vitundu hivyo vinarefuka pamoja na metali hadi kuwa mirija myembamba sana inayofuata urefu wa waya. Waya ukipashwa moto, mrija mwembamba hauwezi kudumu. Unakatikakatika kuwa safu ya viputo vidogo vya mviringo vilivyojipanga mmoja nyuma ya mwingine. Safu hizo zinaelekea upande mmoja wote, upande wa waya. Hadubini za elektroni ndizo zilizovionyesha, na uchambuzi wa nyuso za waya uliovunjwa ukathibitisha kwamba ndani yake mna potasiamu.

Kwa nini mpaka unasimama

Chukua kiputo kimoja chenye nusu-kipenyo cha nanomita 10. Mpaka unapokutana nacho, unapata nafuu: sehemu ya mpaka inayopita mahali penye kiputo haihitaji kuwepo, kwa kuwa pale hakuna metali. Eneo lililookolewa ni dogo, kama nanomita 314 za mraba. Lakini ili mpaka ukiache kiputo na kuendelea, lazima ulijenge upya eneo hilo, na gharama yake ni takriban mara 8,000 ya nishati ya mtikisiko wa joto wa atomi moja kwa nyuzi 2,500. Atomi inaweza kubahatisha kuruka kizuizi cha mara 20 au 30 ya mtikisiko huo. Mara 8,000 haibahatishwi, hata globu ikiwaka tangu enzi za Coolidge.

Kinachobaki ni nguvu. Hoja hii ni ya mwanafizikia Clarence Zener, na mtaalamu wa metali Cyril Stanley Smith ndiye aliyeichapisha mwaka 1948: kila kizuizi kina nguvu ya juu kabisa ya kuushika mpaka, na mpaka unapita tu ikiwa shinikizo lake linazidi jumla ya nguvu za vizuizi vyote unavyovigusa. Weka tarakimu. Kwa kiputo chetu, na kwa lile shinikizo la paskali 200,000, viputo sita au saba kwa kila maikromita ya mraba ya mpaka vinatosha kuusimamisha. Kumbuka jinsi msukumo ulivyokuwa dhaifu, faida ya mruko mmoja kati ya 12,000. Ndiyo maana kitu kidogo hivyo kinauweza.

Swali linalofuata ni lile ambalo wengi hawaulizi: kwa nini mpaka usikikokote kiputo? Kiputo ni shimo, hakina uzito wa maana. Hapa ndipo aina mbili za mwendo wa atomi zinapoachana. Mpaka unasogea kwa atomi kujirekebisha chini ya hatua moja. Kiputo hakiwezi kusogea hivyo. Ili kiende mbele, atomi za tungsteni zilizoko mbele yake ni lazima zing'oke, zitembee kufuata ukuta wa ndani wa kiputo, zifike nyuma na kutulia huko. Kwa kiputo chetu njia hiyo ni nanomita 31 hivi, zaidi ya hatua 100 za atomi, tena atomi haitembei kwa kunyooka, inatangatanga. Na ili kiputo kisogee umbali wa atomi moja tu, atomi zaidi ya 5,000 lazima zimalize safari hiyo. Kipenyo cha kiputo kikiongezeka mara mbili, wepesi wake wa kusogea hupungua mara 16.

Kwa hiyo mpaka, ambao hausafirishi atomi, umefungwa kwenye kitu kisichoweza kusogea bila kusafirisha atomi. Hicho ndicho Pacz alichokiuza bila kukijua.

Tena viputo havijifungi. Mvutano wa uso wa tungsteni unajaribu kukifunga kiputo, na kwa nanomita 10 unakibana kwa shinikizo la karibu mara 5,000 ya lile la hewa. Gesi ya potasiamu ndani yake inabana kwa kiasi hichohicho kutoka ndani. Shimo tupu la ukubwa ule lingejifunga kwa joto la globu. Hili limejazwa.

Sasa yale maneno "punje kubwa" yaliyowaudhi majaji. Kama viputo vinazuia mipaka, mbona punje za waya wa Pacz ni kubwa, si ndogo kama za thoriamu? Jibu liko kwenye safu. Mpaka unaotaka kusogea kwa kufuata urefu wa waya hukutana na kila safu ya viputo kwenye ncha, kiputo kimoja baada ya kingine. Mpaka unaotaka kusogea kando, kutoka katikati ya waya kwenda ukingoni, hukutana na safu nzima kwa ubavu, viputo vyote kwa mara moja. Wa kwanza hatimaye unapita, wa pili unakwama. Waya usio na dawa hujipanga upya mapema, kwenye joto la chini kabisa la nyuzi 1,000 na kitu. Huu wa viputo husubiri hadi karibu nyuzi 2,000, na ukishaanza, punje hukua kwa urefu, sana, na kwa upana kidogo tu. Zinatokea punje ndefu zilizopishana na kushikana, zenye kingo za mawimbimawimbi kwa sababu kila mpaka umejikunja kati ya viputo vilivyoukamata. Hakuna mpaka ulionyooka wa kukata waya, kwa hiyo pingili hazitelezi. Na mipaka ambayo atomi zingeifuata kusogea chini ya uzito wa waya ni michache, kwa hiyo springi hailegei.

Dawa haikuzuia punje kukua. Ilizielekeza. Ukubwa na umbo, kama hati ilivyosema, na kama mahakama ilivyosema kwa haki kwamba havikuelezwa.

Iliyobaki

Waya huu haukuwa wa milele. Kwa saa nyingi za moto viputo vidogo hupungua na vikubwa huongezeka, vingine hukua juu ya mipaka chini ya mvutano, na mahali popote waya unapokuwa mwembamba kidogo hupata moto zaidi na kuvukizwa zaidi. Globu za nusu ya pili ya karne ya 20 zilikufa hasa kwa njia hiyo, si kwa kulegea.

Soko lake kubwa limekwisha. Taa za LED zimeifukuza globu ya waya katika maduka mengi, na tungsteni inayochimbwa leo kama wolframiti, pamoja na ile ya Rwanda na ya Kivu, inakwenda zaidi kwenye vifaa vya kukatia na kutobolea kuliko kwenye taa. Lakini mashine ya eksirei bado ina waya wa tungsteni unaotoa elektroni, mrithi wa mrija aliobuni Coolidge huyohuyo mwaka 1913, na waya huo nao unatakiwa kukaa mahali pake kwa joto kali mwaka hadi mwaka.

Potasiamu imepata pia kazi nyingine ya kujaribiwa. Katika mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, ili kujaribu fusheni (kuunganisha viini vya atomi kupata nishati), sehemu ya chini inayopokea joto la plazma, yaani gesi ya moto mkali mno, itavikwa tungsteni, na hofu mojawapo ya wahandisi ni ileile: kwamba joto litazifanya punje zijipange upya na metali iwe ya kuvunjika. Tungsteni yenye viputo vya potasiamu ni mojawapo ya zinazopimwa kwa mitambo ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba ndani ya mtambo wa fusheni kuna nutroni. Zinazing'oa atomi kwenye nafasi zake na kuacha matundu, na zinageuza sehemu ya tungsteni kuwa reniamu na osmiamu. Mpaka unaohama humo unakutana na viputo, matundu na atomi ngeni kwa wakati mmoja, na hesabu ya Zener peke yake haitoshi tena.